Matone ya Glakoma: Chupa Moja au Mbili?



Mgonjwa wa glakoma huanza kwa kawaida na chupa moja ya dawa ya matone. Miezi ikipita, daktari humwongezea ya pili, na pengine ya tatu. Halafu siku moja huambiwa: "Acha hizi mbili, tumia hii moja iliyochanganywa." Akifika duka la dawa anakuta chupa nyingine yenye mchanganyiko tofauti na bei tofauti, na muuzaji anamwambia zote ni za glakoma. Mwenzetu anabaki na maswali yake. Je, zina nguvu sawa? Ipi inamfaa mtu anayekata miwa kutwa nzima juani? Ipi inamfaa anayesimama mbele ya mashine zamu ya usiku?

Makala haya yanajibu maswali hayo, moja baada ya jingine. Hayakusudiwi kuchukua nafasi ya daktari. Yanakusudiwa kumsaidia mfanyakazi aingie kwa daktari akiwa anajua la kuuliza.

GLAKOMA NI UGONJWA GANI

Ndani ya jicho mna maji safi yanayotengenezwa mchana na usiku. Hayo si machozi. Machozi hupita nje ya jicho, lakini maji haya hukaa ndani, hulilisha jicho, kisha hutoka kwa kupitia kichujio kidogo kilicho pembezoni mwa sehemu nyeusi. Lichukulie jicho kama pipa lenye bomba la kuingiza maji na bomba la kutoa. Bomba la kutoa likiziba kidogo kidogo na la kuingiza likaendelea vile vile, presha ndani ya pipa hupanda. Kwa watu wengi presha ya jicho huwa kati ya 10 na 21, kwa kipimo cha milimita za zebaki.

Presha ikizidi kwa muda mrefu, hubana mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi nyingi sana, nazo hufa chache chache. Zikishafa hazioti tena. Hapa ndipo glakoma inapotofautiana na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hufunika lenzi, na daktari akimwondoa mtu huona tena. Kilichopotea kwa glakoma hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji.

Tena presha ya jicho si ile presha ya damu inayopimwa kwa kufungwa mkono. Mtu anaweza kuwa na moja bila ya nyingine. Wapo pia watu ambao presha ya jicho lao ni ya kawaida na bado wana glakoma, kwa sababu mshipa wao ni dhaifu. Kwa hiyo daktari haridhiki na namba peke yake. Huangalia mshipa wenyewe nyuma ya jicho, na hupima mgonjwa anaona upana kiasi gani.

Ubaya wa ugonjwa huu ni ukimya wake. Kwa aina iliyo ya kawaida zaidi kwetu, hakuna maumivu wala wekundu. Macho huanza kupoteza pembeni, huku katikati kukiwa bado safi. Mfanyakazi husoma hati ya mshahara bila taabu, lakini haoni toroli linalomjia ubavuni, wala ukanda wa mashine ulio upande wa kushoto. Kwa kuwa jicho moja husaidia jingine, huchukua miaka kabla ya kutambua.

Ipo aina nyingine isiyo kimya: jicho huuma ghafla, huwa jekundu, mtu huona duara za rangi kuzunguka taa, na hutapika. Hiyo haingoji mwisho wa zamu. Ni ya kwenda hospitali saa ile ile.

Watu wa asili ya Kiafrika hupata glakoma zaidi, na mapema zaidi, kuliko watu wa asili ya Ulaya. Uchunguzi uliofanywa vijijini Kongwa, Tanzania, na kutangazwa mwaka 2000, ulikuta kwamba kati ya kila watu 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, kama 4 walikuwa na glakoma. Mwenye baba, mama, kaka au dada mwenye ugonjwa huu yumo katika hatari kubwa kuliko wengine. Hali kadhalika aliyewahi kupigwa jichoni kwa jiwe, kipande cha chuma au bua la muwa: pigo la namna hiyo linaweza kuleta glakoma miaka mingi baadaye.

DAWA INAFANYA NINI HASA

Yafaa tuseme wazi: matone hayaponyi glakoma. Kazi yake ni kushusha presha ili nyuzi zilizobaki zisife. Mtu anayengojea kuona vizuri zaidi baada ya kutia dawa atavunjika moyo na kuiacha. Faida ya dawa ni kuona mwaka ujao kile unachokiona leo.

Je, kushusha presha kunasaidia kweli? Wataalamu wa Sweden waliligawa kundi la wagonjwa wapya 255. Wengine walipewa matone na miale ya leza, wengine waliangaliwa tu bila matibabu. Waliotibiwa, presha yao ilishuka kwa robo. Baada ya kama miaka 6, kati ya kila 100 wasiotibiwa, 62 walikuwa wameharibika zaidi. Kati ya kila 100 waliotibiwa, walioharibika walikuwa 45. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2002. Yanatufundisha mambo mawili. La kwanza, tiba inasaidia. La pili, robo haikutosha kwa kila mtu, na ndiyo maana wengine huhitaji dawa ya pili.

FAMILIA ZA DAWA

Ili kulinganisha chupa zilizochanganywa, lazima kwanza tujue kilichomo. Majina tunayaandika kwa matamshi ya Kiswahili. Kwenye chupa utayakuta kwa Kiingereza au Kifaransa, na tofauti ni herufi chache tu.

Timololi. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1978, na mpaka leo ndiyo inayopatikana kwa urahisi katika zahanati nyingi. Hupunguza maji yanayoingia, na hushusha presha kwa kama 20 hadi 25 katika kila 100. Lakini tone la jichoni huteremka puani na kuingia katika damu. Huko timololi hufanya moyo upige polepole na hubana njia za pumzi. Mwenye pumu anaweza kushikwa vibaya sana. Mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge aelewe kwamba dawa hii inaweza kuficha dalili za sukari kushuka, kama vile moyo kwenda mbio.

Latanoprosti na ndugu zake. Ilitoka mwaka 1996. Hufungua njia ya maji kutoka, na hushusha presha kwa kama 25 hadi 33 katika kila 100. Ndiyo yenye nguvu zaidi kati ya matone ya kawaida, nayo hutiwa mara moja tu kwa siku, aghalabu jioni. Macho huweza kuwa mekundu kidogo, kope hurefuka, na ngozi ya karibu na jicho huwa nyeusi zaidi. Haina madhara makubwa kwa moyo wala kifua.

Dorzolamidi na brinzolamidi. Nazo hupunguza maji yanayoingia, lakini kwa njia isiyo ile ya timololi. Hushusha kwa kama 15 hadi 20 katika kila 100. Huacha uchungu mdomoni. Zinatokana na jamii ya salfa, basi aliyewahi kuvimba au kutoka malengelenge kwa Fansidar au Septrin lazima amwambie daktari.

Brimonidini. Hupunguza maji yanayoingia na pia husaidia kutoka. Hushusha kwa kama 18 hadi 25 katika kila 100. Hukausha mdomo, huleta usingizi na uchovu, na baada ya miezi baadhi ya watu macho yao huwasha na kuwa mekundu. Ni hatari kwa watoto wachanga, kwa hiyo mama anyonyeshaye aseme.

Pilokapini. Hii ni mzee wa wote, imetumika tangu miaka ya 1870. Hutiwa mara tatu au nne kwa siku, na huifanya mboni kuwa ndogo. Mtumiaji huona giza, hasa jioni. Haimfai mlinzi wa usiku wala dereva. Inabaki kuwa na kazi yake pale zinapokosekana nyingine, na katika aina fulani za glakoma.

KWA NINI MBILI, NA KWA NINI KATIKA CHUPA MOJA

Daktari mwangalifu huanza na dawa moja. Ikiwa haikufanya kazi kabisa, huibadilisha. Ikiwa imefanya kazi lakini haikufika inapotakiwa, huongeza ya pili kutoka familia nyingine. Kanuni ni hiyo: familia nyingine. Kutia dawa mbili za familia ile ile hakuongezi nguvu, huongeza madhara tu.

Hapo huja swali la chupa. Ukitia dawa mbili kutoka chupa mbili, lazima ungoje dakika 5 au zaidi kati ya moja na nyingine. Usipongoja, tone la pili huisukuma la kwanza nje na kuteremka shavuni. Mtu anayeamka saa kumi usiku kuwahi lori la shamba hana subira hiyo. Chupa moja yenye dawa mbili huondoa shida ya kungoja. Tena matone ni machache kwa siku, na ile dawa ya kuhifadhi iliyomo ndani ya chupa, ambayo huchokoza macho, huingia kwa kiasi kidogo.

Kwa upande wa nguvu, dawa mbili ndani ya chupa moja hufanya kazi karibu sawa na zile zile zikitiwa sawasawa kutoka chupa mbili. Faida ya mchanganyiko, basi, iko katika urahisi: mtu haruki wala hasahau.

Lakini mchanganyiko una upungufu wake. Ukipata madhara, ni vigumu kujua yametoka kwa dawa ipi. Daktari naye hawezi kupunguza moja na kuacha nyingine. Na lipo kosa moja la hatari: mtu anapewa chupa mpya yenye timololi ndani yake, naye anaendelea na chupa yake ya zamani ya timololi. Huyo anatia timololi maradufu. Kila unapopewa mchanganyiko, uliza: "Ipi katika zile za zamani niiache?"

TULINGANISHE MICHANGANYIKO

(a) Dorzolamidi na timololi. Marekani iliiruhusu mwaka 1998. Hutiwa mara mbili kwa siku. Huchoma macho kwa muda mfupi baada ya kutiwa, na wengi hulalamikia hilo pamoja na uchungu mdomoni. Faida yake kubwa kwetu ni kwamba haihitaji jokofu. Kwa anayeishi katika kambi ya shamba isiyo na umeme, hilo ni jambo zito. Asiitumie mwenye pumu, mwenye moyo unaopiga polepole kupita kiasi, wala mwenye mzio wa salfa. Mkata miwa au mbeba magunia aangalie pia kama anaanza kuchoka upesi kuliko zamani, kwani timololi huupunguzia moyo mbio.

(b) Brimonidini na timololi. Marekani iliiruhusu mwaka 2007. Nayo ni mara mbili kwa siku, na nguvu yake iko karibu sawa na ile ya kwanza. Haichomi sana, na haina salfa. Lakini huleta usingizi. Anayeendesha trekta, anayelisha msumeno, anayepanda ngazi au anayefanya kazi karibu na tanuri asiianze asubuhi ya siku ya kazi bila kujua itamfanya nini. Aombe kuianza siku za mapumziko. Macho yakianza kuwasha na kuwa mekundu baada ya miezi, asidhani ni vumbi la kiwandani. Arudi kliniki.

(c) Latanoprosti na timololi. Hutiwa mara moja tu kwa siku, na kwa urahisi hakuna inayoishinda. Ila tusidanganyike: nyongeza yake juu ya latanoprosti peke yake si kubwa, kwa sababu timololi iliyomo hutiwa mara moja badala ya mbili. Mwenye presha ya juu sana huenda akahitaji zaidi. Kabla ya kufunguliwa huwekwa mahali pa baridi, nyuzi 2 hadi 8. Ikishafunguliwa yaweza kukaa nje ya jokofu, mahali pasipozidi nyuzi 25, kwa wiki 4. Chupa iliyoachwa juu ya dirisha linalopigwa na jua, au katika mfuko wa shati kutwa shambani, haina uhakika tena. Makatazo ya timololi ni yale yale.

(d) Brinzolamidi na brimonidini. Marekani iliiruhusu mwaka 2013. Sifa yake ni kwamba haina timololi, kwa hiyo ndiyo njia ya mwenye pumu au mwenye ugonjwa wa moyo anayehitaji dawa mbili. Hutiwa mara mbili au tatu kwa siku kufuatana na maagizo ya nchi. Chupa lazima itikiswe kwanza. Baada ya kutia, macho huwa na ukungu kwa dakika chache, basi usiwashe mashine mara moja. Ina usingizi wa brimonidini na salfa ya brinzolamidi, yote mawili.

(e) Netarsudili na latanoprosti. Hii ni ya karibuni. Marekani iliiruhusu mwaka 2019. Hutiwa mara moja jioni. Haina timololi. Lalamiko lake kubwa ni wekundu wa macho.

Kama unavyoona, hakuna chupa iliyo mfalme wa zote. Inayofaa ni ile inayolingana na mwili wako, kazi yako na nyumba yako. Kwa hiyo ukiwa mbele ya daktari, jiulize na umweleze mambo manne: Je, nina pumu, ugonjwa wa moyo, kisukari au mzio? Je, kazi yangu ni ya hatari nikisinzia? Je, ninapo mahali pa baridi pa kuweka dawa? Na la nne, ambalo husahauliwa: Je, chupa hii nitaipata tena mwezi ujao, na mwezi wa baada yake?

Swali hilo la nne lina uzito kuliko yote. Timololi ya kawaida inayopatikana kila mwezi italinda macho kuliko mchanganyiko mzuri uliotumika miezi miwili ukakatika miezi minne.

HESABU YA MWEZI

Msilinganishe bei ya chupa kwa chupa. Linganisheni bei ya mwezi. Mililita 1 hutoa kama matone 20 hadi 30. Chupa ya mililita 5 hutoa matone 100 hadi 150. Mtu anayetia macho yote mawili, mara mbili kwa siku, hutumia matone 4 kila siku. Chupa itamtosha siku 25 hadi 37. Chupa ndogo ya mililita 2.5 hutoa matone 50 hadi 75. Anayetia mara moja kwa siku hutumia matone 2 tu; itamtosha siku 25 hadi 37 vile vile. Kumbe ile chupa ndogo iliyoonekana ni ghali kwa udogo wake, inakwenda siku sawa na ile kubwa.

Kisha ongeza nauli ya kwenda mjini na ujira wa siku unayokosa. Ukiona mchanganyiko mmoja unachukua nafasi ya chupa mbili, jumlisha bei ya hizo mbili kabla ya kusema ni ghali. Pengine zile mbili ni nafuu zaidi. Basi nunua mbili na ungoje dakika zako 5. Na chupa iliyofunguliwa zaidi ya wiki 4 itupwe, hata kama imebaki, isipokuwa karatasi yake imesema vingine. Andika tarehe ya kufungua juu ya chupa.

NAMNA YA KUTIA

Dawa bora ikitiwa vibaya ni fedha iliyomwagwa. Nawa mikono, ondoa utomvu, mafuta na vumbi la dawa za shambani. Kaa au lala, tazama juu. Vuta kope la chini kwa kidole lifanye kifuko. Tone moja liingie humo, bila ncha ya chupa kugusa jicho. Tone moja linatosha; la pili humwagika tu. Fumba macho bila kuyakaza, na ubonye kwa kidole pembe ya ndani ya jicho, karibu na pua, kwa dakika 2. Kubonya huko huziba njia ya kwenda puani, na hivyo dawa hubaki jichoni badala ya kwenda moyoni na kifuani. Anayetetemeka mkono asaidiwe na mtu wa nyumbani. Ukisahau mara moja, usilipe deni kwa kutia maradufu. Endelea na saa inayofuata.

CHUPA ISIYO YA GLAKOMA

Si kila chupa yenye dawa mbili ni ya glakoma. Katika maduka zimo chupa zenye dawa ya kuua vijidudu pamoja na deksamethasoni au nyingine ya jamii ya steroidi. Hizo huondoa wekundu na mwasho upesi, na wafanyakazi wanaosumbuliwa na vumbi la mkonge, pamba au chai huzipenda. Lakini steroidi ikitiwa kwa wiki nyingi huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma yenyewe. Mtu anatuliza mwasho huku anajipofusha. Dawa hizo zitumike kwa amri ya daktari na kwa siku alizoziweka yeye. Hali kadhalika, usimwazime mwenzako matone yako. Timololi iliyokufaa wewe inaweza kumuua mwenye pumu.

NJIA ISIYO YA CHUPA

Wapo wasioweza kupata matone kila mwezi. Kwao ni vema kuuliza habari za leza. Hospitali ya KCMC huko Moshi, Tanzania, wagonjwa 201 wa glakoma waligawanywa, wengine wakapewa timololi na wengine miale ya leza inayosaidia kichujio kutoa maji. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, katika macho yaliyotiwa timololi, 31 kati ya kila 100 yalikuwa yamefikia lengo. Katika yaliyopigwa leza, yalikuwa 61 kati ya kila 100. Leza haifai kila jicho, nguvu yake hupungua baada ya muda, na mgonjwa lazima aendelee kupimwa. Lakini kwa mtu anayekaa mbali na duka la dawa, ni swali linalostahili kuulizwa. Upo pia upasuaji wa kufungua njia mpya ya maji, ambao daktari huushauri kabla hatujachelewa, si baada ya kupofuka.

KAZI YA TAWI

Tumeeleza dawa. Sasa tuseme lile linalofanya wengi wasizitumie, yaani hofu. Mfanyakazi anayejua kwamba macho yake yanaharibika hunyamaza kwa kuogopa kuachishwa kazi. Huficha chupa, hakosi siku hata moja kwenda kliniki, na hatimaye anapoteza macho na kazi pamoja. Hili haliwezi kutatuliwa na mtu mmoja peke yake. Ni jambo la chama.

Mikataba ya Shirika la Kazi Duniani inatupa pa kusimama. Mkataba namba 110 wa mwaka 1958, unaohusu mashamba makubwa, una sehemu nzima juu ya matibabu. Mkataba namba 161 wa mwaka 1985 unasema uchunguzi wa afya unaohusiana na kazi usimpunguzie mfanyakazi mshahara, uwe wa bure, na kadiri iwezekanavyo ufanywe saa za kazi. Mkataba namba 158 wa mwaka 1982 unasema kukosa kazi kwa muda kwa ajili ya ugonjwa si sababu halali ya kumfukuza mtu. Si kila nchi imeitia saini yote. Makao makuu ya chama yataeleza nchi yako imekubali ipi, na sheria ya kazi ya hapo inasemaje.

Kwa hiyo tawi linaweza kudai mambo haya katika mkutano wake na mwajiri:

1. Kila mfanyakazi mwenye miaka 40 na zaidi, na kila mwenye ndugu wa glakoma, apimwe macho, bila kukatwa ujira.

2. Zahanati ya kiwanda au shamba iwe na timololi na angalau dawa nyingine moja ya glakoma kila mwezi, bila kukatika. Pawepo jokofu ambamo wagonjwa wanaweza kuweka chupa zao.

3. Mgonjwa apewe siku ya kliniki kama haki, kwa kadi yake ya miadi.

4. Aliyepoteza uoni wa pembeni ahamishwe kutoka kwenye mikanda na misumeno, apewe kazi iliyo salama kwa mshahara ule ule, wala asifukuzwe.

5. Miwani ya kinga itolewe kwa wakata miwa, wachomelea vyuma na wanaosaga mawe au chuma.

Mwakilishi wa wafanyakazi asingoje mwajiri aanze. Aandike kwanza wangapi katika idara yake wanatumia matone, wanatumia yapi, na ni miezi mingapi mwaka huu wameyakosa, bila kutaja majina yao kwa mwajiri. Namba hizo ndizo zitakazosema mezani.

Na wewe unayetumia matone, chukua chupa zako zote uende nazo kliniki siku ya miadi, pamoja na ukurasa huu. Ziweke mbele ya daktari, umwambie kazi unayofanya na unapolala, kisha umwulize: ipi niendelee nayo, na ipi niiache?